Jeshi ni la Marekani nzima, lakini punguzo linauliza uliapia jimbo gani. Hii ni haki?

#1 MwanaKitale
Habari zenu. Nina swali linaloninyima usingizi kwa niaba ya mtu mwingine.

Binamu yangu alitumikia jeshi la Marekani miaka saba. Aliingilia Minnesota, akapelekwa Afghanistan mara moja, akatoka kwa heshima, karatasi zake hazina doa. Mwaka jana akahamia Texas na familia. Kila mtu kanisani alikuwa akimwambia, "Wewe hapa karo hulipi, kuna sheria ya Hazlewood, saa 150 za masomo kwenye chuo chochote cha serikali." Akabeba faili lake hadi chuoni. Mama wa dirishani akafungua DD-214, ile karatasi ya kutoka jeshini, kidole kikaenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha 7, akasoma, akafunga faili, akamrudishia. "Uliingia jeshini ukiwa Minnesota." Mambo yakaishia hapo.

Nauliza: kule Afghanistan risasi ilikuwa ikimuuliza mtu ametoka jimbo gani kabla ya kumpiga? Jeshi ni moja, vita ni vya wote, lakini shukrani zinagawiwa jimbo kwa jimbo. Haya mapunguzo na misamaha ambayo mabunge ya majimbo yanapitisha kwa maveterani ni shukrani kweli au siasa tu? Na kuna yeyote hapa aliyewahi kuyala?

#2 Mpare Halisi
Nimevuta kigoda. Wajuzi wanakuja.

#3 Sajenti wa Zamani
Pole kwa binamu, lakini huyo mama wa dirishani hakukosea. Hazlewood ina milango mitatu, na unatakiwa kupita mmoja tu: uwe uliingilia jeshini ndani ya Texas, au uliandikisha Texas kuwa nyumbani kwako siku ya kuingia, au ulikuwa mkazi wa Texas siku hiyo. Kisanduku 7a ni mahali ulipoingilia, 7b ni nyumbani ulikoandikisha. Ndiyo maana kidole kilikwenda pale. Juu ya hapo uwe na angalau siku 181 za kazi kamili, siku za mafunzo hazihesabiwi, na uwe unaishi Texas unaposoma.

Kuna kosa moja nimeliona kwa vijana wengi. Ukiwa kazini unaruhusiwa kuhamisha makazi yako ya kisheria, na wengi wanayahamishia Texas au Florida kwa sababu hakuna kodi ya mapato ya jimbo. Unajaza fomu DD 2058, mshahara unapona, unajihesabu Mtexas. Hapana. Makazi ya kodi yamehama, lakini nyumbani ulikoandikisha siku ya kwanza kumebaki kulekule, labda kama kulikuwa na kosa la uandishi. Watu wanagundua hilo miaka kumi baadaye, dirishani, kama binamu.

#4 Kijana wa Likoni
Hapo kwenye 7a umenigusa. Mimi nilikuwa nasoma Kansas, nikaenda Houston kwa shangazi likizo ya Krismasi. Hela imeisha, ada ya muhula unaofuata sina, viza inanikodolea macho. Jirani na duka alilokuwa akifanya kazi shangazi kulikuwa na ofisi ya waandikishaji. Nikaingia kuota kiyoyozi, nikatoka na karatasi za kujaza. Nikaapia Houston. Ningesubiri wiki mbili ningerudi shule na ningeapia Kansas City.

Nimesoma shahada yangu yote Texas kwa hizo saa. Karo sikulipa. Lakini watu wasidanganyike: chumba na vitabu nilijilipia mwenyewe. Hazlewood ni karo na sehemu kubwa ya ada, si ugali.

#5 MwanaKitale
Kwa hivyo tofauti yako na binamu yangu ni likizo ya Krismasi.

#6 Kijana wa Likoni
Na shangazi. Usimsahau shangazi.

#7 Kalamu Butu
Kwa sheria ninayoijua mimi, huo ubaguzi hausimami. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaligusa jambo hili mara mbili. Mwaka 1985 ilikuwa New Mexico: jimbo lilikuwa likiwapa msamaha wa kodi ya nyumba maveterani wa Vietnam, lakini wale tu waliokuwa wakazi kabla ya tarehe 8 Mei 1976. Umehamia baadaye, huna lako. Mahakama ikaitupa. Mwaka uliofuata ikawa New York, waliokuwa wakiwapa alama za ziada kwenye mitihani ya kazi za serikali wanajeshi wa zamani walioingia jeshini wakiwa wakazi wa New York. Nayo ikatupwa. Hoja ni kwamba jimbo haliwezi kuwagawa raia wake wa leo kwa kuangalia walifika lini. Binamu atafute wakili.

#8 Sajenti wa Zamani
Kalamu, umeishia katikati ya hadithi. Kuna mtu alishakwenda. Aliingilia jeshi Georgia, akahamia Texas, akasoma sheria Houston, wakamkatalia Hazlewood hivihivi. Akashtaki akitumia hizohizo kesi mbili ulizotaja. Mwaka 2015 jaji wa shirikisho akampa ushindi, vyuo vikashika kichwa. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ikaugeuza: Texas ina sababu ya kutosha ya kuweka sharti hilo, kwamba kijana wa hapa anaingia jeshini akijua akirudi atasomeshwa. Mlango ukafungwa.

#9 Kalamu Butu
Ya 2016 sikuwa nayo, nakubali. Lakini hebu niambie, kama shabaha ni kuwavuta vijana wa Texas, inakuwaje sheria hiyohiyo imlipie Kijana wa Likoni aliyekuja kula pilau la shangazi?

#10 Kijana wa Likoni
Jamani niacheni na pilau langu.

#11 Bwana Hesabu
Mnazunguka mbuyu. Haya mambo ni pesa. Angalieni historia: Texas ilianza kusamehe karo mwaka 1923, kwa waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza. Hazlewood mwenyewe alikuwa seneta wa jimbo kutoka Amarillo, jina lake likabandikwa baadaye. Kwa miaka mingi haikumuuma mtu, kwa sababu mwanajeshi alitumia saa zake akamaliza. Mwaka 2009 wakaongeza kwamba saa usizozitumia unaweza kumwachia mwanao, mradi hajapita miaka 25. Hapo chungu kikafurika. Shahada ya kawaida ni saa kama 120. Baba akisoma zinabaki 30, asiposoma zote 150 ni za mtoto.

Na nani analipa? Bunge linapitisha sheria, linapiga makofi, halafu mzigo mkubwa linauacha kwa vyuo. Mwaka 2015 walijaribu kubana, maveterani wakajaa bungeni, muswada ukafa. Sasa fikiria mahakama ingesema kila mwanajeshi wa zamani wa Marekani nzima akihamia Texas anasoma bure yeye na watoto wake. Hicho kisanduku cha 7 ndicho kifuniko cha chungu.

#12 Dada wa Killeen
Naomba kuongeza la nyumbani kwangu maana naishi ndani yake. Texas, mwenye ulemavu wa asilimia 100 kutokana na utumishi halipi kabisa kodi ya nyumba anayoishi. Imekuwa hivyo tangu 2009. Mume wangu yumo humo, na hapo hawakuuliza aliapia wapi. Bili yetu ya mwaka jana ilikuja na sifuri, nimeibandika kwenye friji kwa sumaku, najua ni ushamba.

Sasa tatizo. Killeen imeshikana ukuta na kambi. Askari wakistaafu hawaendi mbali, wananunua nyumba hapahapa. Mtaa wetu una nyumba 14, ninazozijua mimi tano ni sifuri kama yetu. Barabara ni ileile, shule ni ileile, zimamoto ni wale wale. Jirani yangu mwalimu, hajawahi kushika bunduki, ndiye anaubeba mzigo. Alinisemea kwa upole tukitoa mapipa ya taka: "Siwaonei wivu, ila zawadi mnayopewa naitoa mimi, mlinijulisha lini?" Sikuwa na jibu.

Ilifika mahali serikali za mitaa za huku zikalia hadi Austin, makao makuu ya jimbo, na mwaka 2015 bunge likatunga sheria ya kuwafidia walio jirani na kambi. Kulizungumzia hilo pengo bado ni wimbo wa kila mwaka.

#13 Mtu wa Tanga
Killeen si ndiyo kwenye Fort Hood?

#14 Ndizi Mbichi
Inaitwa Fort Cavazos siku hizi mkuu, walibadilisha 2023.

#15 Dada wa Killeen
Ndizi umechelewa, wameirudisha Fort Hood 2025. Wanasema ni Hood mwingine, si yule jenerali wa Kusini wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwenye duka la bendera hapa mtaani kanunua gari jipya.

#16 Bwana Hesabu
Swali la huyo mwalimu kwenye #12 ndilo jibu la uzi mzima. Jimbo linatoa zawadi kwa mfuko wa kaunti. Ukarimu wa aina hiyo hata mimi nauweza.

#17 Sajenti wa Zamani
Bwana Hesabu, kila mtu ni mzigo kwako. Huyo mwenye asilimia 100 ana mgongo uliovunjika au kichwa kisicholala. Na pesa yake ya ulemavu inatoka serikali kuu kila mwezi, anaila wapi? Killeen. Dukani, kwa kinyozi, kwa fundi gari. Majimbo hayafanyi haya kwa huruma, yanavutana mtu mwenye kipato cha uhakika. Ndiyo maana Virginia nayo ilipitisha msamaha huohuo wa asilimia 100 kwa kura ya wananchi 2010. Illinois imeshuka hadi asilimia 70. Oklahoma mwenye asilimia 100 halipi hata kodi ya mauzo dukani, hadi kikomo chake cha mwaka. Ni mnada.

#18 Mpare Halisi
Kwa hiyo tuna: (1) shukrani, (2) chambo cha kuandikisha vijana, (3) mnada wa majimbo. Nani ana ya nne?

#19 Ndizi Mbichi
Ya nne ni picha. Mbunge wa jimbo akitaka kitu cha kupitisha bila mtu kumpinga, anatafuta punguzo la maveterani. Nani atapiga kura ya hapana? Gavana anakaa mezani, kalamu kumi zimepangwa, mzee wa Vietnam pembeni na kofia yake. Kisha ukiisoma sheria yenyewe unakuta ni punguzo la kuingia hifadhi za jimbo.

Tena nalo lina masharti ya kuchekesha. Mimi goti langu la kushoto limepimwa asilimia 40. Jimbo la Washington goti hili linapata pasi ya maisha ya hifadhi za jimbo, kwao inatosha asilimia 30. Nikivuka hadi California, pasi yao inataka 50. Texas wanataka 60, au uwe umepoteza mguu. Florida hawapimi goti, kila aliyetoka kwa heshima anapunguziwa robo ya bei ya pasi ya mwaka. Goti ni lilelile, nimelibeba mwenyewe majimbo yote manne. Serikali kuu angalau imenyoosha: tangu tarehe 11 Novemba 2022 hifadhi za taifa ni bure maisha yote kwa mwanajeshi yeyote wa zamani, huulizwi goti.

#20 Mama Zawadi
Ndizi nimecheka mpaka mtoto kaja kuniangalia.

Mimi niko karibu na Tacoma, nilikuwa fundi wa magari ya jeshi miaka minane. Niwape ya dukani. Jumamosi nimekwenda kununua rangi na brashi, foleni ndefu. Namwambia kijana wa kaunta nina punguzo la veterani. Anatabasamu, ananyoosha mkono: "Kadi ya mumeo, mama?" Namwambia mume wangu ni dereva wa basi. Anasema, "Punguzo ni la aliyetumikia." Nimesimama pale na ndoo ya rangi ya galoni tano, kilemba kichwani, lafudhi yangu ya Morogoro, nyuma watu wanahema. Nikatoa leseni ya udereva, imeandikwa neno la veterani. Akaigeuza mbele na nyuma kama noti ya bandia. Akaniambia asante kwa utumishi wako, uso umemwiva.

Asilimia kumi ya ndoo ile ilikuwa kama dola 15. Nilipofika kwenye gari nikajiuliza kama zilikuwa na thamani ya ile dakika.

#21 Mtu wa Tanga
Dada, ungemwambia akuletee gari lake ulifungue injini hapohapo.

#22 Ndizi Mbichi
Pole dada. Hilo neno kwenye leseni nalo lilihitaji sheria. California imeanza kuliweka Novemba 2015. Unapita kwanza ofisi ya kaunti ya maveterani wakuthibitishe, halafu unalipa dola 5 mara moja. Kabla ya hapo watu walikuwa wakitembea na DD-214 yenyewe mfukoni, namba ya hifadhi ya jamii imekaa wazi juu yake, wanamwonyesha muuza burga ili wapunguziwe dola mbili.

New York makarani wa kaunti wana mpango wao: unapeleka DD-214 yako irekodiwe, wanakupa kadi yenye picha, na wafanyabiashara waliojiandikisha kwenye orodha wanakupunguzia. Mpango wa serikali, punguzo la mwenye duka. Kaunti imechapisha kadi tu.

#23 Sajenti wa Zamani
Hapo kwenye kurekodi niweke onyo. Zamani tuliambiwa ukitoka jeshini kimbilia kaunti ukarekodi DD-214 isije ikapotea. Sehemu nyingi ikawa hati ya wazi, mtu yeyote anaingia anaiomba, na namba yako imo. Majimbo yamekuwa yakizifunga, lakini uliza kwanza kaunti yako nani anaruhusiwa kuiona.

#24 Kalamu Butu
Na matapeli je? Mtu anavaa kofia ya jeshi anakula punguzo mwaka mzima.

#25 Sajenti wa Zamani
Kuna sheria ya shirikisho. Ile ya kwanza ya 2005 iliadhibu hata kujisifia nishani, Mahakama ya Juu ikaifuta 2012, ikasema uongo mtupu unalindwa kama maneno mengine. Bunge likaandika mpya 2013: ukidanganya kuhusu nishani ili upate pesa au faida nyingine, ndipo kosa. Kwa hiyo baa unaruhusiwa kudanganya, mradi bia umejilipia.

#26 Mtu wa Tanga
Baa zote za Tanga zimepona.

Wakuu, nipeni shule kidogo, hao Waswahili wote wamefikaje kwenye jeshi la watu?

#27 Kijana wa Likoni
Wengi kwa kadi ya kijani. Lakini kulikuwa na mpango wa MAVNI, ulianza 2009 ukafungwa 2016, wakichukua wageni wenye viza halali wakiwa na lugha wanazozihitaji. Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Unapimwa lugha, unaapa, uraia unakuja haraka. Mimi nilipita humo.

#28 Mtu wa Tanga
Subiri. Wakenya walifaulu mtihani wa Kiswahili? Hiyo ndiyo habari ya uzi huu, mengine yote pumba.

#29 Kijana wa Likoni
Likoni mkuu, si Nairobi. Sisi ndio tuliowasahihishia.

#30 Mpare Halisi
Haya wamerudi kwenye mechi yao.

Turudi nyumbani kidogo. JWTZ walikuwa na maduka yao yasiyo na ushuru, enzi ya Magufuli yakaondolewa wakawekewa posho badala yake. Mjomba wangu analalamika mpaka leo, si kwa sababu ya hela, ni kwa sababu ya bati. Anasema posho haina bati. Kila askari wa mtaani kwetu alijenga kwa bati za duka la jeshi, na sisi ndugu tukajengea humohumo.

#31 MwanaKitale
Kenya nako ni kantini ya jeshi. Harusi ya kwetu ukiona kreti za bia zimepangwa hadi dirishani ujue kuna mjomba kwenye jeshi.

Na babu yetu, babu wa huyuhuyu binamu, alikuwa keya, askari wa Kiafrika wa jeshi la Waingereza. Alifika Burma 1944. Aliporudi alikuwa na koti zito la jeshi, na ndilo nililolikuta mimi: nyanya alifunikia pipa la unga panya wasiingie. Sikumbuki kusikia punguzo.

#32 Mama Zawadi
Hilo koti limenifunga mdomo.

#33 Mkongo wa Abilene
Jambo bandugu. Miye niko hapa Abilene, Texas, tuko Bakongo wengi. Mtoto yangu aliingia Gadi ya Taifa hapahapa Texas, iko anaenda wikendi moja kila mwezi. Yeye ni veterani ao hapana? Kila mtu anamwambia kitu ingine.

#34 Sajenti wa Zamani
Papa, wote wanaomwambia wako sawa kwa sehemu, maana kila sheria ina maana yake ya neno "veterani". Kama ameishia mafunzo na wikendi, siku 181 za Hazlewood hana, nilisema mafunzo hayahesabiwi. Akiitwa kwa amri ya serikali kuu akapelekwa mahali, siku hizo zinaanza kuhesabiwa na atapewa DD-214 ya kipindi hicho. Akitoka kwenye Gadi anapewa karatasi nyingine, NGB-22, na kaunta nyingi hawaijui, wanafikiri ni risiti. Massachusetts katika sheria yao kubwa ya Agosti 2024 waligusa hata maana ya neno lenyewe, nani ahesabiwe. Mwambie ahifadhi kila karatasi ya amri anayopewa, hata ya wiki mbili.

#35 Mkongo wa Abilene
Aksanti sana papa. Nitamuambia.

#36 Theluji Nyingi
Nimesoma uzi wote na hakuna aliyeuliza kitu muhimu. MwanaKitale, binamu yako ana ulemavu wa asilimia ngapi? Nauliza kwa sababu niko Minneapolis.

#37 MwanaKitale
70. Mgongo na masikio. Kwa nini?

#38 Theluji Nyingi
Basi kaa chini. Minnesota, kuanzia asilimia 70 wanaondoa dola 150,000 kwenye thamani ya nyumba yako kabla ya kukupigia kodi. Ukiwa asilimia 100 ya kudumu wanaondoa 300,000. Texas kwa asilimia 70 msamaha wa ulemavu ni dola 12,000. Elfu kumi na mbili. Amekimbia baridi akaacha nyumba nusu yake haina kodi, akafuata karo ambayo hawakumpa.

#39 MwanaKitale
Nimemtumia ujumbe wako. Amesoma. Hajajibu. Amebadilisha picha ya wasifu kuwa nyeusi.

#40 Bwana Hesabu
Na GI Bill yake je, ile ya serikali kuu ya kusomesha wanajeshi? Ametumikia miaka saba, ana miezi 36 ya serikali kuu kwa kiwango kamili, na tangu sheria ya 2014 vyuo vya umma vinatakiwa kumtoza bei ya mkazi. Hazlewood ya nini?

#41 MwanaKitale
Miezi yote alishamhamishia binti yake akiwa bado kazini. Binti yuko chuo mwaka wa pili. Yeye ndiye anataka kusoma sasa, akiwa na miaka 41.

#42 Kijana wa Likoni
Ee bwana. Mwambie asikate tamaa.

#43 Sajenti wa Zamani
MwanaKitale, nirudi nyuma kidogo. Umesema miaka saba. Ilikuwa mfululizo?

#44 MwanaKitale
Hapana. Alitoka baada ya minne, akakaa uraiani kama miezi kumi na tano akifanya kazi ya mizigo Dallas, maisha yakamchapa, akarudi jeshini tena.

#45 Sajenti wa Zamani
Akafanya kazi WAPI?

#46 Kalamu Butu
Hapo sasa.

#47 Sajenti wa Zamani
Kama alitoka kabisa na akaingia upya, ana DD-214 mbili. Alipeleka ipi dirishani? Ya kwanza ndiyo inasema Minnesota. Nataka kujua 7a ya ile ya pili.

#48 Bwana Hesabu
Haitasaidia. "Alipoingia jeshini" ni mara ya kwanza. La sivyo kila mtu angetoka akarudi kwa kupitia Texas.

#49 Kalamu Butu
Nani kasema ni mara ya kwanza? Kuingia ni kuingia. Ameapa upya, amepewa nyumbani upya, miezi kumi na tano amelipa kodi ya pango Dallas. Milango mitatu ya #3, huyu naona anapita yote mitatu.

#50 Bwana Hesabu
Utamwonyesha hivyo mama wa dirishani?

#51 MwanaKitale
Nimempigia. Alipeleka ya kwanza kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. Ya pili alimpelekea mama yake Kitale amtunzie, iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda pamoja na hati ya shamba. Huko ni saa saba usiku. Tunasubiri kuche.

#52 Mpare Halisi
Silali.

#53 Mtu wa Tanga
Nimekesha kwenye mechi mbovu kuliko hii.

#54 MwanaKitale
Mama ameamka saa kumi na moja, amemaliza kukamua, ameipata. Kwanza alituma picha ya hati ya shamba. Halafu ya kadi ya kliniki ya ng'ombe. Hatimaye hii hapa. 7a: DALLAS, TX. Kinasomeka wazi, tone la mafuta ya taa limeishia pembeni tu.

#55 Kijana wa Likoni
SHANGAZIIII

#56 Sajenti wa Zamani
Usisherehekee bado. Angalia chini kabisa pembeni, imeandikwa nakala ipi? Watataka ile ya Member-4, yenye kisanduku cha 24, kinachosema alitoka kwa heshima.

#57 MwanaKitale
Member-1. Inaishia kisanduku cha 22.

#58 Sajenti wa Zamani
Hiyo ni ile fupi. Ajaze fomu SF-180 aitume kwenye hifadhi ya kumbukumbu St. Louis, aombe ile ndefu. Na mama airudishe hiyo kwenye sanduku, asiifungie maandazi.

#59 MwanaKitale
Anauliza kama wanataka na hati ya shamba.